Programu za simu za kula vizuri na kutembea: ipi ulipie, ipi uchukue bure

Kabla hujatoa hata shilingi, fungua simu uliyonayo. Namba moja kwangu haiuzwi: ni kihesabu hatua kilichomo tayari, Samsung Health kwa wenye Samsung, Health ya Apple kwa wenye iPhone. Hakihitaji bando ili kihesabu, wala hakimalizi chaji. Usitishwe na lengo la hatua 10,000 kwa siku. Namba hiyo ilienezwa na pedometa, yaani kihesabu hatua, iliyouzwa Japani miaka ya 1960. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani kama dakika 22 kwa siku. Shuka daladala vituo viwili kabla, umeshazigusa. Mwenye simu nyingine atafute pedometa ya bure, na akiona inadai kusoma majina aliyohifadhi kwenye simu, aiache. Kuhesabu hatua hakuhitaji kumjua shemeji yako.

Kwenye chakula ndipo penye kazi. Ya pili naweka FatSecret, kwa kuwa kuandika mlo na kuskani barkodi, ile mistari ya kwenye pakiti, ni bure. MyFitnessPal ina orodha kubwa sana ya vyakula, lakini sehemu kubwa imejazwa na watumiaji wenyewe, na tangu 2022 kuskani ni kwa wanaolipa. Naishusha hadi ya nne. Isitoshe, anayekula kwa mama ntilie barkodi atamfanyia nini? Wali maharage hauna barkodi.

Dawa ni kuingiza mapishi yako mwenyewe, mara moja tu, ukipima kila kitu kabla ya kupika. Mafuta usiyasahau, maana hapo ndipo tunapojidanganya: kijiko kimoja cha mezani kina kalori kama 120. Nilipopima maharage ya nyumbani kwetu, sufuria ya watu wanne ilikuwa imekunywa vijiko 8. Kila sahani kalori 240 za mafuta matupu, tui bado! Na mimi siku zote nilikuwa naandika "maharage, kikombe 1", roho kwatu. Ukikwama kwenye mchicha au dagaa, tafuta mtandaoni majedwali ya virutubisho vya vyakula ya Tanzania ya 2008 au ya Kenya ya 2018.

Ya tatu ni Cronometer. Inachambua madini na vitamini moja moja, kwa hiyo inamfaa aliyeambiwa kliniki aongeze vyakula vyenye madini ya chuma. Anayetaka kupunguza tumbo tu atazama kwenye takwimu.

Strava, ya kurekodi mbio na matembezi, ni ya tano, na wakimbiaji watanigombeza. Ni nzuri kwa anayekimbia tayari. Anayeanza atakata tamaa akiona kasi za wenzake. Inatumia GPS, chaji inaliwa. Kabla ya safari ya kwanza ficha eneo la nyumbani kwako: mwaka 2018 ramani yake ya mienendo ya watumiaji ilionyesha hadi njia za mazoezi ndani ya kambi za jeshi.

Ukiamua kulipia, kumbuka kuwa kufuta programu si kufuta malipo. Mimi niliifuta moja ya mazoezi, nikaendelea kukatwa miezi mitatu. Usajili unaghairiwa ndani ya Play Store au kwenye mipangilio ya iPhone. Ukipewa siku 7 za majaribio, weka kengele siku ya tano.