Kusaka bendi za metali ukiwa Mtwara: YouTube au Bandcamp?

Wasikilizaji wa metali, yaani roki nzito ya magitaa, huku Mtwara tunahesabika, ukipanda bajaji ya kwenda Shangani ni singeli mwanzo mwisho, kwahiyo bendi mpya unaisaka mwenyewe kwenye simu. YouTube ni rahisi, haitaki kadi wala nini, unaandika tu "metal Botswana" unakutana na Overthrust na Skinflint, afu ukicheki mashabiki wa kule na makoti yao ya ngozi na kofia za kikauboi kwenye jua lile utacheka, gitaa likianza unanyamaza. Ila video zinakula bando vibaya, na ukizubaa inakurudisha kwa Metallica walewale unaowajua tangu shule.

Bandcamp (tovuti ya kusikiliza na kununua muziki, ipo tangu 2008) inasumbua kwenye kulipa, ni kadi au PayPal. Lakini kama unataka kuandika rivyuu ya maana mi naona hapo ndo penyewe. Chukua kundi la Duma la Nairobi, albamu yao ya 2020 iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda: unaikuta nzima kwa mpangilio wake, chini kuna tagi za aina ya muziki, unabonyeza moja unatua kwa bendi ambayo hata video haina. Ukinunua unadaunilodi kabisa, hata Msimbati mtandao ukikata unaendelea kusikiliza. Na kwenye mauzo ya muziki wa kudaunilodi Bandcamp kwa kawaida wanakata asilimia 15, nyingi inaenda kwa bendi yenyewe.

YouTube narudi nikitaka kumwona mpiga dramu laivu, basi.