Mvinyo Mwekundu wa Ufaransa wa Kuweka na Kuonja Unavyokomaa: Uanze na Upi?

Ukitaka kujua mvinyo mwekundu uliolala kwenye pipa la mwaloni unabadilikaje mwaka hadi mwaka, usinunue chupa moja ya fahari. Nunua chupa sita za shamba lilelile na mavuno ya mwaka uleule, kisha zifungue kwa zamu: ya kwanza mwaka wa nne tangu mavuno, halafu moja kila baada ya miaka miwili hivi. Kwa hiyo hapa sikupanga mvinyo kwa umaarufu. Nimejiuliza tu: kwa pesa ya mtu wa kawaida, chupa sita za wapi zitamwonyesha mabadiliko mengi zaidi?

Nafasi ya kwanza naipa Haut-Médoc, kaskazini mwa mji wa Bordeaux, hasa chupa zilizoandikwa Cru Bourgeois. Haya ni mashamba ambayo hayamo kwenye orodha ya mwaka 1855 iliyoyapanga mashamba makubwa ya Bordeaux kwa madaraja, ndiyo maana kule Ufaransa chupa yake mara nyingi ni yuro 15 hadi 30, wakati majina makubwa ya vijiji jirani vya Pauillac na Margaux yanauzwa kwa mamia. Zabibu ni zilezile, Cabernet Sauvignon na Merlot, na mvinyo hulala mwaka mzima hivi katika mapipa ya lita 225, baadhi yakiwa mapya. Mavuno ya 2016 na 2019 ni ya kuaminika. Ya 2013 yaache, hali ya hewa ilikuwa mbaya.

Fungua chupa ya kwanza, mimina kidogo, inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe utazame ukingo wa mvinyo. Ukiwa mchanga, ukingo una rangi ya zambarau. Puani inatangulia vanila, na nyuma yake harufu ya mkate uliookwa ukaungua kidogo, kwa sababu fundi wa mapipa huzichoma mbao kwa ndani. Mdomoni kuna ukakasi unaokausha ulimi kama bibo. Ukakasi huo ni tanini, kutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na kidogo kwenye mbao. Miaka inavyopita, tanini na chembe za rangi huungana na kuwa kubwa zaidi, nyingine hushuka chini zikawa mashapo. Kufikia mwaka wa nane au wa kumi, ukingo umeelekea rangi ya tofali, vanila imerudi nyuma, na zimejitokeza harufu za mwerezi, tumbaku na ngozi. Katikati ya safari kuna kipindi ambacho mvinyo hujifunga: unanusa, hupati kitu. Ukikutana na chupa ya namna hiyo usikate tamaa wala usiuze zilizobaki. Subiri.

Nafasi ya pili ni ya kusini-magharibi: Cahors na Madiran. Bei ni nafuu kuliko Bordeaux, na uvumilivu wake hauna mpinzani kwa bei hiyo. Cahors lazima iwe na zabibu ya Malbec angalau asilimia 70. Madiran hutegemea zabibu ya Tannat, ambayo tanini zake ni kali kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtengenezaji mmoja wa huko, Patrick Ducournau, alibuni njia ya kupitisha viputo vidogo vya oksijeni ndani ya mvinyo ili kuulainisha. Pipa nalo hufanya kazi hiyo, ila polepole. Sikuziweka juu kwa sababu chupa mbili za mwanzo zitakuwa ngumu kunywa bila nyama yenye mafuta.

Asiye na subira achukue mvinyo wa zabibu ya Syrah wa kaskazini mwa bonde la Rhône. Saint-Joseph na Crozes-Hermitage hukomaa mapema, nyingi zikipendeza kati ya miaka mitano na kumi, zikitoka pilipili manga na kuishia kwenye harufu ya nyama iliyokaushwa kwa moshi. Cornas, ambayo ni Syrah tupu, hukaa zaidi na hugharimu zaidi.

Bandol, ya pwani ya kusini-mashariki mwa Ufaransa, naiheshimu sana. Sheria yake inataka zabibu ya Mourvèdre angalau nusu na miezi 18 ndani ya mbao, lakini wengi hutumia mapipa makubwa sana, kwa hiyo ladha ya mwaloni haionekani vizuri. Ya mwisho ni Burgundy, mashariki mwa Ufaransa. Pinot Noir, zabibu nyekundu ya huko, iliyozeeka vizuri huenda ndiyo nzuri kuliko zote hizi, lakini chupa sita zitakumaliza mfukoni, na ubora hutofautiana mno kati ya mtengenezaji na jirani yake.

Kwenye lebo tafuta maneno *élevé en fûts de chêne*, yaani mvinyo umekuzwa katika mapipa ya mwaloni. Umoja wa Ulaya umeruhusu vipande vya mwaloni kutumika badala ya pipa tangu 2006, lakini mvinyo wa namna hiyo hauruhusiwi kujinadi kwa maneno ya pipa.

Halafu joto. Mvinyo wa kuweka unataka nyuzi 12 hadi 14, giza, utulivu, na chupa ilale ili kizibo kisikauke. Ukikaa Dar, Mombasa au Zanzibar, kabati la chumbani litauharibu kabla ya miaka yake. Bila friji ya mvinyo usinunue wa kuweka kabisa. Dukani muulize muuzaji chupa zilihifadhiwa wapi tangu zishuke bandarini. Tazama pia kizibo: kikiwa kimesukumwa juu, au kuna michirizi ya mvinyo shingoni, chupa hiyo imeshapata joto. Irudishe kwenye rafu.