Sakafu ya saloni ilishuka, fundi mwenye aliitengeneza vizuri (Goma)

Naandika hii juu ya watu wa Goma wenye sakafu zao zimelala upande moja, maana najua tuko wengi. Nyumba yetu iko Murara, imejengwa juu ya lava ya volkano Nyiragongo ya 2002, na tangu ile mitetemeko yenye ilifuata mlipuko wake wa tarehe 22 Mei 2021, wakati watu walikimbilia Sake na Minova, saloni ilianza kushuka pole pole. Meza inacheza, ukipiga deki maji yote inakimbilia kona ya dirisha.

Mafundi wa kwanza wote walisema kitu kimoja: mama, tunamwaga shapi (tabaka nyembamba ya simenti na mchanga) juu, tunasawazisha, imeisha. Mmoja alitoa devi (hesabu ya bei) akiwa bado amesimama kwa mlango, mifuko 30 ya simenti na avansi nusu, hata hakuingia. Nikakataa. Sakafu haishuki bure, na kama unaiongezea uzito juu bila kujua chini kuna nini si itashuka tena?

Huyu nilionyeshwa na jirani, ni papa mmoja wa Ndosho. Alikuja na nyundo na ule mpira mwembamba wenye unaona maji ndani, msaidizi anashika huku yeye anashika kule, wanapiga alama ukutani penye maji inasimama, kisha anapima kutoka alama mpaka chini. Kutoka mlangoni mpaka ile kona, sentimita 6! Akapiga magoti akagonga karo moja moja na mpini wa nyundo, sikio chini, zenye zinalia kama debe tupu anazitia msalaba wa chaki.

Penye nilimuheshimu kabisa ni kwenye ufa wa ukuta. Alipaka plasta kidogo kukatisha ufa, akaandika tarehe juu yake, akasema "mama, tungoje. Hii ikipasuka, ni musingi unatembea, sitagusa sakafu yako. Ikibaki nzima, shida ni remble tu, ule udongo wa kujazia chini ya sakafu." Fundi mwenye anakubali kungoja wakati unataka kumupa pesa leo, huyo anajua kazi. Plasta ilibaki nzima.

Alipovunja ile kona, chini ya dale (ile sakafu nzito ya beto, yaani zege) mkono mzima unaingia. Waliojenga walijaza udongo juu ya lava bila kudama (kushindilia), na lava ina matundu, sasa mvua na mitetemeko vinashusha udongo mule ndani pole pole, dale inabaki hewani. Alitoa ule udongo wote, akaziba matundu na mawe, akarudisha kokoto za lava tabaka kwa tabaka, kila moja kama sentimita 15, anamwagia maji anadama mpaka imekaza, ndipo akaweka fero (vyuma) na beto.

Hesabu aliifanya mbele yangu: nusu ya saloni ni metre karé 10, unene sentimita 10, ni metre kibe 1, kwa hiyo mifuko 7 hivi. Ukiongeza ya shapi ya saloni yote haifiki hata 15. Linganisheni na zile 30. Simenti nilinunua mwenyewe kwa depo, yeye nilimulipa mikono tu (kazi yake), mara tatu kufuatana na kazi, yote tuliandika kwa karatasi. Beto ilifunikwa na magunia, tukaimwagilia maji asubuhi na jioni wiki nzima, ni yeye alisisitiza.

Bei ya mikono iko juu kuliko ya wengine, sifichi, na siku ya mvua haji. Karo pia bado, anasema shapi ikauke kwanza vizuri, mie nakubali. Mpira ulirudi ukutani mwishoni, kutoka alama mpaka chini vipimo vyote sawa.

Mwenye kumuhitaji aniandikie nitamupa namba, ila mupigie mbele ya saa moja asubuhi, akisha kufika kwa shantie (penye anajenga) simu anazima mpaka jioni.