Harufu ya sinki ilinitesa miezi mitatu: uzoefu wangu na trapu ya chupa

Mwenye haraka nampa jibu hapa hapa: trapu ya chupa, yaani kile kikombe cha plastiki kinachobakisha maji kidogo bombani ili hewa chafu isipande, niliyofungiwa chini ya sinki langu la jikoni imefanya kazi, na naisifu. Dukani ilikuwa shilingi 18,000, na fundi alichukua 25,000 za mkono wake. Ila kabla ya kuifikia nilipoteza miezi mitatu na pesa zaidi ya hizo, kwa sababu nilikuwa natibu kitu nisichojua kilipo. Mwenye nafasi asome mpaka mwisho, maana trapu peke yake nayo haikutosha.

Tunakaa Machomane, Chake Chake, Pemba, na jiko ndiyo kazi yangu. Napika sambusa, katlesi na vileja vya oda, siku nyingine vipande mia mbili asubuhi moja. Desemba 2024 tuliondoa sinki la zamani tukaweka la stenlesi lenye kabati chini yake. Fundi aliyelifunga alimaliza kabla ya adhuhuri, maji yakapita vizuri, tukamlipa na kumshukuru. Katikati ya Januari ndipo nilipoanza kusikia harufu.

Haikuwa harufu ya samaki wala ya mabaki ya chakula. Hizo nazijua, ukisugua zinaondoka. Hii ilikuwa ya yai viza, tena inakuja na kuondoka. Alfajiri unafungua mlango wa jiko inakupokea. Saa nne hakuna kitu. Mchana inarudi dakika tano, halafu kimya. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kengeja kukaa siku mbili, akaniuliza kwa sauti ya chini, wala si kwa ubaya: "Mwanangu, hapa hapajafia panya?" Siku ile ile nilitoa kila kitu kabatini kumtafuta huyo panya. Sikumpata, na niliona haya kupita kiasi, kwa sababu mtu anayepikia watu chakula hastahili kuulizwa swali lile.

Nikaanza kumimina. Kwanza siki na magadi soda, kama wanavyoshauri watu wengi. Povu lake linafurahisha macho, lakini siki ni asidi na magadi ni kinyume chake, vikikutana vinamalizana vyenyewe kwa vyenyewe. Kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi, na uchafu ulioshika bombani uko pale pale. Nikaja na maji ya kuchemka, birika nzima kila usiku, mpaka nilipoambiwa kwamba bomba la PVC huanza kulainika kwenye nyuzi kama 80. Nikaacha. Kisha nikanunua kostiki soda. Hii nguvu inayo kweli, kwa sababu huyageuza mafuta yakawa sabuni, lakini inatafuna ngozi na sufuria za alumini, na ukiitia maji inapanda joto ghafla. Nilivaa glavu, nikawatoa watoto nje. Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, alitaka niongeze na Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, pamoja na siki humo humo. Namshukuru Mungu sikumsikiliza, maana Jik ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu, na jiko langu lina dirisha moja tu.

Kila dawa ilinipa nafuu ya siku moja au mbili. Nafuu ile ndiyo iliyonipoteza. Nilidhani napunguza ugonjwa.

Fundi wa kwanza niliyemwita alikuja na waya mrefu. Kwa haki yake, alitoa uchafu: donge la mafuta ya tui lililogandamana na machicha ya nazi, jeupe kwa nje na jeusi kwa ndani. Nikaamini tumemaliza. Alichukua 20,000. Siku ya tatu yai viza likarudi.

Ikaingia Ramadhani, mwaka ule iliangukia Machi, na masika nayo yakaanza kabla haijaisha. Oda zikawa nyingi, na mvua ikinyesha usiku harufu ya asubuhi inakuwa mara mbili. Siku moja msichana aliyetumwa kuchukua sambusa alisimama mlangoni mwa jiko akavuta ncha ya mtandio puani. Hakusema neno. Mteja yule hakuagiza tena mpaka Sikukuu, na sijui kama sababu ni hiyo, lakini mimi usingizi ulinipaa.

Wifi yangu wa Wete ndiye aliyenipa namba ya fundi mmoja mzee, mtu wa siku nyingi katika kazi ya mabomba. Alisema atakuja Jumamosi, akaja Jumanne. Hilo silifichi. Lakini kuanzia alipobisha hodi niliona tofauti, kwa sababu mfuko wake wa zana aliuweka chini, akaanza kuuliza.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Linaziba?"

"Halizibi. Maji yanakwenda vizuri tu."

"Basi msimimine kitu tena. Kinachoziba ndicho kinachomiminiwa. Harufu inakuja saa ngapi?"

Nikamwambia alfajiri, na mvua ikinyesha. Akauliza: "Na mtu akivuta maji chooni?" Nikatulia. Sikuwahi kuliwaza, ila alipolisema nikakumbuka: alfajiri ndiyo saa ambayo nyumba nzima inaamka, kila mtu anaingia chooni na kutawadha. Na zile dakika tano za mchana ni watoto wanaporudi skuli.

Akatoa vitu vyote kabatini, akaloweka kitambaa, akaziba nacho tundu la sinki. Kisha akaniomba udi wa kijiti. Nikadhani anataka kuondoa harufu. Kumbe ni kipimo. Aliuwasha, akainama, akausogeza pale bomba la sinki linapoingia kwenye bomba la ukutani. Moshi ulikuwa unapanda juu umenyooka kama uzi. Akamwambia mwanangu akavute maji chooni. Maji yaliposhuka, ule uzi wa moshi ulivunjika ukaja usoni kwetu, kama mtu aliyeko ndani ya ukuta ameupuliza. Sekunde mbili baadaye, yai viza. (Kipimo hiki alisema kisifanywe kwenye mfuniko wa chemba wala mdomo wa karo, yaani shimo la maji machafu, kwa sababu gesi ya humo ina methani na inashika moto.)

Nilipoinama na tochi nikaona mwenyewe. Aliyefunga sinki Desemba alitumia lile bomba la plastiki lenye mikunjo, akalikata fupi, likashuka moja kwa moja na kuchomekwa ndani ya bomba la PVC lililo pana kuliko lenyewe. Pembeni pamebaki uwazi unaopitisha kidole changu kidogo. Hakuna mpira, hakuna gundi, na hakuna mahali maji yanapotuama. Maji yalikuwa yanapita vizuri sana, na kwa njia ile ile hewa ya karo ilikuwa inapanda vizuri sana.

Hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho nimekaa na masinki maisha yangu yote bila kukijua. Ule mpindo wa bomba chini ya sinki, au chupa inayokaa mahali pake, umewekwa ili maji kidogo yabaki humo wakati wote. Maji yale, kimo cha sentimita tano au zaidi, ndiyo mlango. Maji machafu yanayasukuma na kupita, lakini hewa ya chini haiwezi kuyapenya. Kule karoni uchafu unaoza pasipo hewa safi, na vijidudu vinavyofanya kazi hiyo hutoa haidrojeni salfaidi, ndiyo yenye harufu ya yai viza. Mtu akivuta maji chooni, maji yanayoshuka yanasukuma hewa iliyomo bombani, nayo hutokea panapotokeka. Mvua nyingi ikijaza karo, nafasi ya hewa inapungua na gesi inasukumwa juu. Kwangu pa kutokea palikuwa mahali pamoja tu, chini ya sinki.

Tukaenda dukani pamoja, na hili nashauri kila mtu alifanye, kwa sababu nisingejua kuchagua. Palikuwa na trapu za chupa za shilingi 9,000 na za 18,000, kwa sura zimefanana. Mzee alifungua zote mbili akatoa mipira yake, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ya bei rahisi ilikuwa migumu, ukiikunja inaonyesha vijistari vyeupe. Ya pili ilikuwa laini, inabonyea na kurudi. Akasema plastiki zote zinaishi, kinachokufa ni mpira. Tukachukua ya 18,000, pamoja na mpira wa kuungia bomba la inchi moja na nusu kwenye lile pana la ukutani.

Kuifunga haikuchukua saa nzima. Alipomaliza alitandaza gazeti kavu chini ya trapu, akajaza sinki mpaka juu, akaachia maji yote kwa mkupuo, kisha akachukua gazeti akalitazama kwenye mwanga wa dirisha. Tone moja tu lingeonekana. Hakukuwa na hata moja. Alinionyesha pia lile tundu dogo la pembeni juu ya sinki, la kuzuia maji kufurika, ambalo sikuwahi kulisafisha. Nikapitisha brashi ya mswaki wa zamani, likatoka tope jeusi linaloteleza. Nalo lilikuwa na harufu yake, ndogo, ya aina nyingine.

Siku sita zilipita hakuna kitu. Siku ya saba, Ijumaa, nyumba imejaa watu wanaoga kwa ajili ya msikiti, nikasikia sinki likisema glu-glu-glu lenyewe, hakuna aliyeligusa. Jioni harufu ikaja, hafifu, lakini ile ile. Sitaki kueleza jinsi nilivyokata tamaa.

Nikampigia mzee. Safari hii alikuja siku ya pili yake, na hakutaka malipo ya mkono. Alisema mlio ule ni bomba linatafuta pumzi. Maji mengi yakishuka chooni, nyuma yake yanavuta hewa, na kama hakuna njia ya kuingizia hewa, yanaifyonza kupitia trapu ya sinki na kuondoka na maji yake. Mlango unabaki wazi mpaka mtu afungue tena mfereji wa sinki. Nyumba yetu haikuwa na bomba la pumzi hata moja. Hapo mwanzo halikuonekana kosa, kwa sababu ule uwazi wa chini ya sinki ndio uliokuwa unatupumulia sote.

Tukanunua PVC ya inchi mbili na viungio vyake, jumla shilingi 34,000. Akaiunga kwenye chemba ya nyuma, akaipandisha ukutani mpaka juu ya ukingo wa paa, mbali na madirisha, na mdomoni akafunga wavu wa kuzuia mbu. Tangu siku hiyo sinki halijatoa mlio. Lawama yangu ni moja: alitoboa plasta nyuma ya nyumba akaiacha hivyo hivyo, baba watoto akaja kuiziba kwa saruji mwenyewe.

Sasa nimeitumia miezi saba. Kikombe cha chini cha trapu kinafunguka kwa mkono, huhitaji spana, weka beseni tu. Nimekifungua mara tatu. Mara ya kwanza nilikuta machicha, magamba ya changu na kijiko cha chai nilichokuwa nikimlaumu binti yangu kukipoteza. Sufuria yenye mafuta sasa naipangusa kwa karatasi kabla ya kuiosha, na tui lililoharibika silimwagi sinkini, nalipeleka migombani.

Julai tulikwenda Unguja wiki mbili. Kabla ya kufunga nyumba nilimimina maji katika kila tundu, na juu yake kijiko cha mafuta ya kupikia ili maji yasikauke upesi. Tuliporudi jiko lilikuwa linanuka mbao za kabati, basi. Msala wa wageni ndio ulionuka, kwa sababu tundu lake la sakafuni nililisahau. Kata mbili za maji zikamaliza jambo, na sasa kila Ijumaa nalitia maji hata kama hakuna mgeni.

Kwa nyota tano, trapu naipa tano na mzee namkata moja kwa zile siku tatu za kungoja na ule ukuta. Mipira ya akiba ya trapu ile ile nilinunua kwa 1,500, iko kwenye droo pamoja na lile gazeti.