Onyesho bila viti: vyumba vitano vya manusura wa ukatili wa majumbani

Watazamaji 12 wanavishwa hedifoni na kuingizwa kwenye nyumba ya vyumba 5. Kwa dakika 70 wanazunguka humo wakisikiliza sauti za manusura, huku waigizaji wawili, mke na mume, wakiendelea na shughuli zao kana kwamba nyumba haina wageni. Maneno yote yametoka kwenye mahojiano, na yameachwa na vigugumizi na vimya vyake.

Hakuna kofi hata moja linaloonyeshwa, na uamuzi huo ndio uliolibeba onyesho. Jikoni kuna bahasha ya risiti ambazo mtazamaji anaruhusiwa kuzishika. Kila risiti imeandikwa kwa kalamu nyekundu chenji iliyorudi, saa ya kutoka na saa ya kurejea. Kwenye ile ya mkate na maziwa, dakika 9 zimezungushiwa duara, na pembeni pameandikwa: "Ulikuwa na nani?" Karatasi hiyo moja inatisha kuliko damu ya bandia.

Wanaofanya kazi na manusura watalitambua hapo gurudumu la mamlaka na udhibiti, mchoro unaoonyesha mbinu za mnyanyasaji za kumtawala mwenza wake, uliotengenezwa Duluth, Marekani, mwaka 1984 kutokana na masimulizi ya wanawake waliopigwa. Vitisho, kutengwa na ndugu, kubanwa kifedha na kutumia watoto ni vipande vya ndani. Kipigo ni ukingo unaovishikilia.

Chumba cha 4 ndicho kilichokosewa. Mlango unafungwa kwa nje na taa zinazimwa kwa dakika 3, ili mtazamaji aonje woga. Kwa manusura, giza na kitasa vinaweza kumrudisha palepale alipotoka; kwa asiyewahi kupitia, ni mchezo wa kutishana. Mtu aliyepaniki moyo unamwenda mbio, pumzi inabana, na maneno hayamwingii tena. Matokeo yake sauti iliyorekodiwa kwa ajili ya chumba hiki, nzuri kuliko zote, inapotea. Ukiacha hatari ya moto, hata kisanaa mlango ungeachwa wazi: mama anauangalia, na hatoki. Huo ndio ukweli wa nyumba hizi.

Chumba cha mwisho kinasahihisha mengi. Nyuma ya pipa la unga kuna mfuko: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, funguo ya akiba, dawa, noti chache zilizokunjwa. Mama anauchukua na kuondoka, lakini hakuna muziki wa ushindi. Simu inaita, inakata, inaita tena hadi watazamaji watoke. Wameelewa waandaaji hawa kwamba kuondoka, na majuma yanayofuata, ni kipindi cha hatari kubwa. Swali la "kwa nini haondoki?" linajibiwa bila hotuba.

Kwa upande wa huduma, onyo kuhusu maudhui linatolewa wakati wa kukata tiketi, si mlangoni, na hilo ni sahihi. Ila ujumbe wa kukumbusha unatumwa kwenye simu ukiwa na jina la onyesho. Anayeishi na mtu anayempekua simu anawekwa hatarini na ujumbe huo. Ungetaja saa na mahali tu. Anayeelemewa anashusha hedifoni shingoni, msimamizi anamtoa. Utaratibu ni mzuri, lakini wasimamizi ni 2 kwa vyumba 5, kwa hiyo mtu anaweza kusubiri. Kila chumba kinahitaji wake.

Baada ya onyesho kuna chumba cha utulivu, maji na mshauri nasaha. Mjadala wa wazi unaoanza papo hapo usogezwe mbele nusu saa, na anayetaka kuondoka asiulizwe sababu. Usije na mwenza unayemwogopa. Njoo na rafiki.

Namba za msaada zimewekwa ndani ya mlango wa choo, mahali ambapo mtu huenda peke yake, kwenye vikaratasi vya kuchana vinavyoenea ndani ya kiatu.