Betri za kuchaji zilivyoniangusha usiku wa presha ya mama: uzoefu wangu

Mama yangu ana presha. Tunampima asubuhi na jioni, na namba anaziandika mwenyewe kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu, kwa sababu kliniki walimwambia asije bila daftari. Mashine yetu inatumia betri nne za dabo A (AA), na inazila kwelikweli, maana ndani yake kuna pampu ya kujaza upepo kwenye ule mkanda wa mkononi. Nilikuwa nanunua betri za kawaida za bei ya chini, na baada ya wiki chache zinaisha, natupa, nanunua nyingine. Ndipo likanijia wazo la betri za kuchaji. Wazo halikuwa baya. Ubaya ulianzia kwenye duka nililoingia pale Kariakoo.

Niliuliza swali moja tu: "Kaka, hizi zinafaa mashine ya presha?" Kijana wa kaunta hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Betri ni betri, dada." Akanirushia pakiti. Sitii chumvi, aliirusha, ikateleza juu ya kioo nikaidaka ikiwa inataka kuanguka. Ndani mlikuwa na betri nne na chaja ya kuchomeka ukutani, na kila betri imeandikwa 4800 mAh kwa dhahabu, yaani kipimo cha chaji inayoweza kubeba. Nikaona namba kubwa, nikajua nimepata mali. Nilitoa elfu ishirini na tano bila hata kuomba kupunguziwa. "Zichaji usiku kucha," akasema, na hayo ndiyo maelekezo yote niliyopewa.

Nikazichaji usiku kucha. Asubuhi taa za chaja bado nyekundu. Mbili za kushoto zilikuwa za moto kiasi kwamba nilizitoa kwa pindo la khanga, mbili za kulia zina uvuguvugu tu. Ningejua ninayoyajua leo ningeziweka kando pale pale. Sikujua. Nikazitia kwenye mashine, ikawaka, mama akapimwa, tukafurahi.

Siku ya tatu hivi, labda ya nne, umeme ulikatika tangu magharibi. Usiku mama akaniita: kichwa kinazunguka, nipime. Nikamfunga mkanda kwa mwanga wa simu, nikabonyeza. Pampu ikaanza kunguruma kama kawaida, mkanda ukajaa mpaka katikati, halafu mngurumo ukawa mzito, ukavutavuta, kioo kikazimika. Mkanda ukalegea wenyewe mkononi mwa mama. Nikabonyeza tena, haikuwaka kabisa. Nikatoa betri, nikasugua ncha zake, nikazibadilisha nafasi. Mama, akiwa amejiegemeza ukutani, anasema, "Zisugue vizuri, mwanangu." Yeye ni mtu wa enzi za kuanika betri za redio juani juu ya bati ili zipate nguvu za kumalizia taarifa ya habari. Lakini ilikuwa usiku, jua halipo, maduka yamefungwa, na mimi sijui kama presha ya mama yangu ni mia na thelathini au mia mbili.

Tukapanda bajaji mpaka hospitali. Ilikuwa imepanda, wakampa dawa, wakamlaza kwa kumwangalia, alfajiri tukarudi naye. Namshukuru Mungu kwa hilo. Ila ule muda wa kushika kile kimashine kilichokufa sitausahau.

Nilirudi dukani na pakiti yangu na risiti yangu. Nilikwenda kwa adabu kabisa, watu waliokuwepo ni mashahidi. Nikamweleza yule kijana kilichotokea, nikamwambia mama yangu alilala hospitali. Akazichukua betri, akazigonga mbili pamoja, kwa! kwa!, kama mtu anayechagua nazi, akasema nzima hizi. Nikasema zijaribu basi. Akanijibu hivi, nayaandika kama alivyoyatamka: "Dada, kwa bei ile ulitaka zikuzike? Mali ikitoka hairudi." Wateja wawili wakacheka. Mimi ni mtu mzima, nina watoto, na nilisimama pale koo limenikauka. Hakuna pole, hata ya uongo. Mtu ukimwambia mama yako amelazwa, hata kama kosa si lake, neno la kwanza ni pole. Hiyo haihitaji mtaji.

Kwa hiyo jioni ile hukumu yangu ilikuwa moja: msinunue betri za kuchaji, ni utapeli wote. Nilishawaambia ndugu, majirani, hata wenzangu wa kikoba. Inabidi niirekebishe hukumu hiyo, kwa sababu fundi wetu wa redio huku Temeke alinionyesha kitu.

Alizipima kwa mita moja moja. Tatu zilikuwa na chaji ya kutosha. Moja ilikuwa karibu tupu, haifiki hata nusu volti. Moja tu! Akaniambia mashine ya betri nne ni kama watu wanne waliobeba jeneza, mmoja akianguka wote wanasimama. Na zile tatu zenye nguvu haziachi kusukuma: zinamsukuma yule dhaifu kinyumenyume mpaka chanya yake inageuka hasi, na hapo ndipo anapokufa moja kwa moja. Kisha akaigeuza chaja. Nafasi nne, taa mbili. Maana yake inachaji mbilimbili kana kwamba ni betri moja. Ukiweka yenye nusu chaji pamoja na iliyo tupu, ile ya nusu inajaa mapema lakini chaja haijui, inaendelea kuipika, wakati mwenzake bado ana njaa. Ndiyo maana ya ule moto kwenye khanga yangu. Chaja ya maana ina njia yake kwa kila betri, na inakata yenyewe betri ikijaa.

Basi nikasema kumbe betri hazina kosa, kosa ni la chaja. Fundi akatikisa kichwa, akanipeleka kwa jirani yake muuza viungo, ambaye ana mizani ya dijitali ya kupimia iliki. Fundi akaweka betri yake mwenyewe, ya kuchaji, ya miaka na miaka, rangi imeshachubuka: gramu 26. Akaweka yangu yenye dhahabu: gramu 16. Tukarudia, 16. Namba iliyo kwenye ganda mtu anaweza kuandika anavyotaka, alisema, lakini uzito hauchapishwi. Betri ya kuchaji ya nikeli ya ukubwa wa dabo A, hata ile nzuri kuliko zote, haifiki 3,000, na nyingi zilizo bora ziko kwenye 2,000 hivi. Mimi niliuziwa 4,800 katika ganda ambalo ndani limejaa nafasi.

Kwa hiyo ni betri na chaja, vyote viwili. Na yule kijana.

Sasa nina betri nyingine. Shemeji yangu yuko Dubai, akaniletea nne za Eneloop, zile ambazo Sanyo ya Japani ilizitoa mwaka 2005 na sasa ziko chini ya Panasonic, pamoja na chaja yenye taa nne. Zilikuja zikiwa na chaji tayari. Sifa yake kubwa kwangu ni kwamba ukizijaza na kuziweka kabatini unazikuta na chaji yake, hata miezi ikipita. Betri za kuchaji za zamani zilikuwa zinavuja chaji zikiwa zimekaa tu, na kwa mashine ya mgonjwa hilo halifai. Mama amepimwa kwa hizi miezi kadhaa sasa, na mkanda unajaa bila kuvutavuta. Tochi inazitumia, gari la kuchezea la mwanangu linazitumia. Nimeziandika alama kwa kalamu ya wino mzito, nne za mashine zinakwenda pamoja na kurudi kwenye chaja pamoja, hakuna kuchanganya na za tochi.

Nimeridhika? Karibu. Kuna jambo linamtia mama wasiwasi: ile alama ya betri kwenye kioo inaonyesha imepungua wakati ndiyo kwanza nimezitoa kwenye chaja. Betri hizi ni za volti 1.2, na mashine imezoea 1.5 za kawaida, kwa hiyo inadhani zimechoka. Inapima vizuri tu, lakini mama anaiona ile alama na hofu ya usiku ule inamrudia. Ndiyo maana droo ya kitanda chake ina betri nne mpya za kawaida, za alkalaini, ambazo hakuna mtu anaruhusiwa kuzigusa, hata rimoti ikifa katikati ya mechi. Na saa ya ukutani nimeiachia betri ya kawaida, haina haja ya hizi.

Nilikuwa nimeshatulia hivyo, mpaka fundi alipoitaja aina nyingine. Kuna betri za lithiamu, umbo lile lile la dabo A, urefu ule ule, lakini kila moja ni volti 3.7. Zinaingia kwenye mashine bila shida. Nne zake ni karibu volti 15 kwenye kifaa cha volti 6. Mimi nilikuwa nimeziona! Zinaning'inia kwenye ukuta wa duka lile lile, pembeni ya zile nilizorushiwa. Na huyo ndiye mtu aliyeniambia betri ni betri. Mkono wake ungekwenda kushoto kidogo, mashine ya mama yangu ingeungua siku ya kwanza. Kwa hiyo yale niliyosema mwanzo kwamba zote ni utapeli nayafuta, lakini juu ya duka lile sifuti hata nukta, na bei wanayouzia haipunguzi chochote.

Juzijuzi mama alikwenda kliniki na daftari lake. Nesi akafunua kurasa, akauliza mbona siku hii haina namba. Mama alikuwa ameandika tarehe, saa tatu usiku, na kwenye nafasi ya namba ameweka kistari.