Uzoefu wangu na hedi gasketi nene ya milimita 1.5

Nilinunua gasketi hii ya chuma ya tabaka nyingi, inayoziba kati ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) na bloku ya injini, baada ya kufunga turbo kwenye injini ambayo kiwandani haikuwa nayo. Kompresheni yake, yaani mara ngapi mchanganyiko wa hewa na mafuta hubanwa ndani ya silinda, ilikuwa 10 kwa 1, na turbo ikianza kusukuma hewa, injini inagonga: mchanganyiko unalipuka wenyewe badala ya kuwashwa na plagi tu. Muuzaji alinihakikishia kuwa gasketi nene ingeshusha kompresheni na kumaliza tatizo.

Nilipofungua injini, nilipima kwanza. Nililaza hedi chali, nikafunika chumba cha kuunguzia mafuta kwa plastiki ngumu niliyoibandika kwa grisi, nikajaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano: cc 46. Visima vya kupisha valvu juu ya pistoni, cc 3.6. Pistoni ikifika juu kabisa hubaki milimita 0.3 chini ya uso wa bloku, hiyo ni cc 1.7. Gasketi ya zamani, milimita 0.7, cc 4.2. Jumla 55.5. Silinda yangu ina kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa pistoni wa milimita 86, yaani cc 499.6. Jumlisha na 55.5, gawanya kwa 55.5, unapata 10. Gasketi nene inaongeza cc 4.8 tu, kwa hiyo nilishuka hadi 9.3.

Kwa kuziba naisifu sana: haikuvuja gesi wala maji. Ila kugonga kulipungua kidogo mno, na hapo ndipo muuzaji hakuniambia kitu. Pengo kati ya ukingo wa pistoni na hedi lilitoka milimita 1.0 hadi 1.8. Pengo jembamba hubana mchanganyiko wa pembeni na kuurusha kuelekea plagi, ukaungua upesi. Likipanuka, mchanganyiko hubaki pembeni, hupata joto na kulipuka wenyewe. Yaani mkono mmoja ulinipa, mwingine ukaninyang'anya.

Nimerudi kwenye gasketi ya 0.7 na kuweka pistoni zenye kibakuli cha cc 14.7 badala ya vile visima vya cc 3.6. Kompresheni sasa ni 8.5, pengo limebaki milimita 1.0, na injini inavuta kwa presha ileile bila kugonga. Kwenye mwendo mdogo, kabla turbo haijaamka, imekuwa nzito kidogo, na hilo nimelikubali.

Gasketi naipa nyota tatu. Kama huwezi kubadilisha pistoni, chelewesha taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) na punguza presha ya turbo kabla ya kuinunua.